Tangawizi ya Upareni: yanayosemwa na yaliyopo shambani

Wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, kule juu Mamba na Myamba kwenye milima ya Upare, tangawizi ndiyo inayojenga nyumba na kusomesha watoto. Ndiyo maana maneno yanayosemwa juu ya wakulima wake yananiuma, hasa yanapotoka kwa watu wenye dhamana ya kuwasaidia.

"Anavuna kidogo kwa sababu ni mvivu, au hajui kilimo."

Hili ndilo linalosemwa zaidi. Tangawizi hupandwa kwa vipande vya tunguu lenyewe, yaani lile shina nene la ardhini tunalolila, kwa hiyo mbegu ndiyo mali. Ekari moja hutaka kilo 600 hadi 1,000 za mbegu, sawa na magunia sita hadi kumi ambayo yangekwenda sokoni. Mwenye akiba hutenga matunguu manene, yenye macho mazuri na yasiyo na dalili ya kuoza. Asiye na akiba huuza hayo manene, maana ndiyo yenye bei, akabaki na vidogo alivyokataa mnunuzi. Hivyo ndivyo vinavyorudi ardhini, na mara nyingi vimebeba mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaonyausha mmea na kuozesha tunguu.

Mnyauko ukishaingia kwenye udongo hautoki upesi. Bwana shamba atashauri kubadilisha mazao: panda mahindi miaka mitatu au zaidi, ndipo urudishe tangawizi. Ushauri ni sahihi kabisa. Lakini mwenye nusu ekari na watoto wanne atapumzisha kipande kipi? Ameusikia ushauri na anauamini, ila hana ardhi ya kuutekelezea. Anayelima shamba la kukodi ana shida nyingine: samadi na matuta ya kuzuia mmomonyoko huzaa faida kwa miaka kadhaa, naye hajui kama mwakani mwenye shamba atampa tena.

"Bei ikiwa nzuri, mavuno yataongezeka yenyewe."

Zao hili hukaa shambani miezi 8 hadi 10. Bei ya leo huwavuta wengi kupanda, kisha wote huvuna kipindi kimoja na bei huporomoka. Tena njaa na shule havisubiri tunguu likomae. Januari inataka sare, madaftari na michango, kwa hiyo watu hung'oa mapema. Tunguu changa lina uzito mdogo na likikaushwa husinyaa sana. Hata lililokomaa, kilo tano mbichi hutoa takriban kilo moja tu ya kavu.

"Tatizo ni madalali, wakiondoka mambo yatanyooka."

Lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa kupita kipimo, ni wizi, na Sheria ya Vipimo inaikataza. Hilo halina mjadala. Hata hivyo, dalali huyohuyo ndiye aliyetoa fedha mgonjwa alipopelekwa hospitali usiku, akalipwa kwa mali iliyokuwa bado ardhini. Mkulima anayedaiwa hawezi kubisha juu ya ujazo wa gunia. Ukimwondoa dalali bila kuleta mkopo wa haraka na wa haki, vikundi vya kuweka na kukopa vikiwemo, umeliacha pengo lake wazi.

Kiwanda cha kusindika tangawizi nacho hakitoshi peke yake. Kinahitaji malighafi ya uhakika na fedha ya kumlipa mkulima papo hapo, la sivyo mzigo utaenda kwa mwenye noti mkononi.

"Tangawizi ni zao la wanaume."

Tembelea shamba wakati wa palizi uone nani ameinama. Wanawake hupanda, hupalilia, huchagua mbegu na kubeba mzigo hadi barabarani. Kwenye mauzo, mara nyingi jina ni la mume, na shamba lilirithiwa upande wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima. Hata hivyo, vijijini bado mjane huondolewa kwenye shamba alilolitunza miaka yote.

Hili linagusa mavuno moja kwa moja. Asiye na sauti juu ya fedha hawezi kuamua kwamba magunia mawili yabaki kwa mbegu, wala hawezi kuweka shamba dhamana apate mkopo wa samadi. Anayeijua mbegu bora kwa kuishika siyo anayeamua iuzwe au ibaki. Mikutano ya ushirika na ya zamu za maji ya ndiva, yaani bwawa la kienyeji la umwagiliaji, ikipangwa saa ambazo mama yuko jikoni, uamuzi hupitishwa bila yeye, kisha kesho yake ndiye anayetumwa kufungua maji.