Mpasuko katika kundi la waasi: maana yake

Redio ikitangaza kwamba waasi "wamegawanyika", wengi wetu hapa Uganda hushusha pumzi. Adui akigombana na mwenzake, si tumepata nafuu? Kwa watafiti wa ugaidi na vita vya msituni, hapo ndipo kazi inapoanza, maana neno hilo moja hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana.

Mpasuko hasa ni pale sehemu ya kundi inapoondoka ikiwa na kamanda wake na silaha zake, huku ikidai kwamba yenyewe ndiyo yenye haki ya jina. Wapiganaji wakichomoka mmoja mmoja usiku na kwenda kujisalimisha, huo ni utoro. Na kiongozi akiwaua wasaidizi anaowashuku, hayo ni mauaji ya kulinda kiti.

Chukua LRA (Lord's Resistance Army), kundi la waasi la Joseph Kony lililotokea kaskazini mwa Uganda. Mazungumzo ya amani kati yake na serikali ya Uganda yalianza mjini Juba mwaka 2006, na Vincent Otti, msaidizi wa Kony, ndiye aliyekuwa sauti ya waasi kwenye simu na redio. Oktoba 2007 Otti akauawa kwa amri ya Kony. Magazeti yaliandika kwamba LRA imegawanyika, lakini hakukuwa na LRA ya pili iliyoondoka na bendera yake, wala mtu mwingine ambaye wapatanishi wangeweza kuzungumza naye. Waliochoka walitoka kidogo kidogo, wengine wakiwa wamevutwa na kipindi cha Mega FM ya Gulu kiitwacho Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani, ambamo waliokwisha kurejea waliwaita wenzao kwa majina. Ule ulikuwa utoro, na dawa yake ni msamaha na redio. Mpasuko hautibiki hivyo.

ADF (Allied Democratic Forces), waasi wa Uganda wenye kambi mashariki mwa Kongo, ni habari nyingine, na kwangu ndiyo inayofundisha zaidi. Kundi hili lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwa kuungana kwa watu wenye madai tofauti kabisa: NALU, kundi la waasi lililokuwa na manung'uniko ya milima ya Rwenzori, na vijana wa Tabliq, harakati ya Kiislamu, walioongozwa na Jamil Mukulu. Ufa ulikuwamo tangu siku ya kwanza. Haukuwazuia kuua: Juni 1998 walichoma mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba, wakateketea wanafunzi wapatao 80. Baadaye NALU ikaachana na mapigano. Mukulu akakamatwa Tanzania mwaka 2015, na Musa Baluku akashika uongozi.

Baluku akalielekeza kundi kwa Dola la Kiislamu (IS), kundi la kimataifa la wapiganaji wa jihadi, ambalo mwaka 2019 lilianza kutangaza mashambulizi ya huko Kongo kuwa ya mkoa wake wa Afrika ya Kati. Wachache waliobaki waaminifu kwa Mukulu walikataa, wakajitenga wakiwa pamoja na Benjamin Kisokeranio, mmoja wa wakubwa wa kundi. Yeye alikamatwa Uvira, mashariki mwa Kongo, Januari 2022. Huu ndio mpasuko kamili. Sasa uliza swali ambalo watafiti huanza nalo: watu, bunduki na fedha vilikwenda upande gani? Sehemu kubwa ilibaki kwa Baluku. Waliotoka ndio waliokuwa wakimpinga, kwa hiyo kambini hakubaki wa kumvuta shati. Novemba 2021 mabomu yalilipuka katikati ya Kampala. Juni 2023 wanafunzi wa sekondari ya Mpondwe waliuawa bwenini. Mpasuko pekee hauelezi damu hiyo yote, lakini yeyote aliyedhani kundi limekwisha kwa sababu wakubwa wake wamegombana alikosea, na waliolipa gharama ni watoto wa Kasese.

Wakati mwingine hatari iko kwa wale wachache wanaoondoka. Ireland Kaskazini, kundi la IRA, lililopigana kuung'oa utawala wa Uingereza, lilipokubali kusimamisha mapigano mwaka 1997, wapinzani wake walijitenga wakajulikana kama Real IRA. Agosti 1998, miezi minne tu baada ya mkataba wa amani, bomu lao liliua watu 29 mjini Omagh. Kundi dogo lililojimega huwa na haja ya kuonyesha kwamba lipo.

Haya yote yanajulikanaje, wakati waasi hawaandiki muhtasari wa vikao? Kwa LRA, wanausalama wa Uganda walikuwa wakisikiliza redio za msituni na kuandika kwenye madaftari nani anampa nani ripoti. Madaftari hayo yalifika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA aliyehukumiwa mwaka 2021. Chanzo kingine ni waliorejea, wengi wao chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Ushahidi wao unahitaji subira. Aliyetekwa akiwa mtoto, kama Ongwen mwenyewe, alilazimishwa kweli. Huenda pia alikuja kuamuru wengine, na kuyasema hayo mbele ya majirani ni mzigo mzito. Kwa hiyo mtafiti mwenye busara hamwulizi kwanza aliamini nini. Humwuliza nani alishika redio, nani aligawa chakula, na siku wakubwa walipogombana, yeye alilala kambi ipi.