Miezi 12 ya kumdai polisi huanza lini?

Mvuvi mmoja wa Shella, hapa Malindi, alikuja ofisini na hukumu yake ndani ya bahasha ya kaki. Mahakama ilikuwa imemwachilia huru baada ya miaka miwili ya nenda rudi. "Sasa wakili, hawa polisi watanilipa lini?"

Nikamuuliza: "Mzee, ulikamatwa siku gani?"

Kuachiliwa huru hakuleti fidia kwenyewe. Lazima ufungue kesi nyingine, na kwa kawaida utamshtaki Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali. Sheria ya ukomo wa muda wa kuzishtaki mamlaka za umma (Public Authorities Limitation Act), Sura ya 39 ya Sheria za Kenya, inakupa miezi 12 tu. Wengi hukwama hapa, kwa sababu miezi hiyo haianzi siku moja kwa kila dai. Dai la kukamatwa na kuzuiliwa bila haki huanza kuhesabiwa tangu tukio lenyewe. Dai la kushtakiwa kwa hila huanza kesi ya jinai inapoisha kwa ushindi wako. Mzee wangu alikaa akingoja hukumu, kumbe dai la kwanza limeshakufa. La pili li hai, ila ni gumu: lazima aonyeshe kwamba hapakuwa na sababu ya maana ya kumshtaki, tena palikuwa na nia mbaya. Ushahidi wa polisi kuwa hafifu hakutoshi.

Njia ya tatu ni ombi la kikatiba Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010 kinasema hulipi ada kulifungua, na cha 23 kinataja fidia. Hakuna miezi 12 huko, ingawa ukichelewa sana jaji atataka kujua ulikuwa wapi.

Nikamdadisi zaidi. Waliingia kwake alfajiri, wakapindua magodoro, hati ya upekuzi hakuonyeshwa. Kifungu cha 31 kinalinda nyumba yake. Ni kweli polisi huruhusiwa kupekua bila hati katika hali fulani za dharura, lakini sababu waieleze wao.

Lililomuuma zaidi ni kulala seli tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Hapo nilimvunja moyo. Kifungu cha 49 kinatoa saa 24, na zikiishia nje ya saa za mahakama, unapelekwa siku ya mahakama inayofuata. Hesabu hiyo ya Ijumaa polisi wanaijua vizuri mno.

Nimemtuma akatafute namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na jirani aliyeuona mlango ukivunjwa.