Doa jeusi la kamba si dalili ya kukosa kinga

Kwenye masoko ya samaki ya Mombasa, mnunuzi akiokota kamba mwenye doa jeusi huambiwa kuwa mnyama huyo hana damu, kwa hiyo hana kinga, na kila uchafu wa bahari humwingia. Sivyo. Damu anayo, ila si nyekundu, kwa sababu protini inayobeba oksijeni ndani yake ina shaba badala ya chuma. Asichokuwa nacho ni kingamwili kama zetu, yaani protini za damu zinazoundwa kumshika mvamizi mahususi. Badala yake, protini nyingine hutambua sukari zilizo kwenye kuta za bakteria na kuvu, kisha huamsha kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) cha fenoloksidesi, ambacho husababisha kutengenezwa kwa melanini, rangi nyeusi inayomzingira mvamizi na kuziba jeraha. Kimeng'enya hicho huendelea kufanya kazi hata baada ya kamba kufa, ndiyo maana kichwa cha kamba aliyecheleweshewa barafu huwa cheusi.

Wala kinga isiyotegemea kingamwili si jambo geni: mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanazuolojia Ilya Metchnikoff alichoma miiba kwenye lava (mtoto mchanga) wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, akaona seli zikiizunguka.