Ekuteri za kuingia ndani ya sikio: maswali yenye munaniuliza kila wiki, na majibu yenye hamupendi

Niko infirmie kwa kituo ya afya hapa Goma na muziki naipenda sawa nyie, kwa hiyo musiseme huyu anakuya kutukataza ekuteri. Sikatazi. Lakini kuna watu wa namna mbili wenye niko napokea kila mara kwa kituo na wameanza kunichokesha. Wa kwanza wanapandisha volimi ju ekuteri haiwakai vizuri. Wa pili sikio imelia ao imeziba, wanangoja, wanatia mafuta, wanachokora, wanangoja tena, kisha mwezi moja wanakuya kuuliza kama kuna vidonge. Tuanze na wa kwanza, hao ni wepesi.

Ekuteri ya ndani njo gani?

Ile yenye iko na raba kwa ncha na inaingia kwa tundu ya sikio mpaka inafunga njia. Ile ingine ya plastiki ngumu, yenye inakaa tu pa mlango, haifungi kitu. Njo tofauti kubwa, yenye kubaki ni mambo ya bei.

Ju ya nini kila siku unaongea raba, raba, na mimi nauliza marki?

Ju bezi, zile sauti nzito za chini, inataka tundu ifungwe. Kukiwa nafasi hata kidogo kati ya raba na ngozi, bezi inatorokea pale, unabaki na sauti nyembamba ya matoazi, na kwa nafasi ileile kelele ya pikipiki na jenereta ya jirani inaingia. Sasa unafanya nini? Unapandisha volimi. Na kile unapandisha haiko bezi, bezi imeshatoka, unapandisha paka zile sauti za juu zenye zinachoma sikio. Mtu ananiletea ekuteri ya bei kali, analalamika haina bezi, nauliza raba zingine ziko wapi, anasema ziko kwa kasha nyumbani, hajawahi kuzifungua. Yaya, fungua kasha! Bezi ikikosa, badilisha raba, usipandishe volimi. Hiyo nitairudilia mpaka muchoke.

Nitajua aje saizi yangu?

Kwa kujaribu, hakuna njia ingine, na jaribu kila sikio peke yake ju watu mingi tundu ya kushoto na ya kuume hazilingani, unaweza kuvaa ya katikati huku na ndogo kule, si haya. Chukua mkono wa upande mwingine, upitishe juu ya kichwa, shika sikio uivute juu na nyuma kidogo (njia ya sikio ya mtu mzima imepinda, ukivuta inanyooka), fungua mdomo kidogo, kisha ingiza pole pole huku unazungusha. Usisukume na nguvu. Halafu ongea: ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito ndani ya kichwa, imefunga. Weka wimbo wa rumba wenye unajua vizuri, sikiliza gita ya bezi tu. Finya ekuteri kidogo na kidole: kama bezi inaongezeka ukifinya na inapunguka ukiachia, raba ni ndogo, panda saizi. Kama inaumiza kisha dakika kumi, ao inajisukuma yenyewe inatoka, ni kubwa. Tembea, tafuna kitu, geuza kichwa. Ikibaki pale bila wewe kuirudisha kila mara, umepata.

Na kutoa pia kuna ginsi yake. Usivute mara moja, ile inavuta hewa na ngoma ya sikio inasikia. Zungusha kwanza, hewa iingie, kisha toa.

Silikone ao sponji?

Silikone inaoshwa na inadumu. Sponji inafunga vizuri zaidi kwa sikio zenye umbo ngumu: unaibana na vidole vyenye viko safi, unaingiza, unashikilia karibu nusu dakika mpaka ivimbe. Lakini sponji inakunywa jasho na taka, inaharibika, inataka kubadilishwa. Kama hauna raba za kubadilisha, baki na silikone.

Nikienda Birere kununua, niangalie nini?

Kwanza hesabu ya raba ndani ya kasha, chini ya saizi tatu achana nayo. Pili, umbo: ile yenye waya inapita juu ya sikio inakaa vizuri na haileti ile kelele ya waya ikigusa nguo. Tatu, musidanganywe na maandishi. “20 Hz mpaka 20 000 Hz” (ni kusema inatoa kutoka sauti nzito kabisa mpaka nyembamba kabisa) imeandikwa kwa kila kasha, hata ya dola mbili, haimaanishi kitu. Na hesabu ya spika ndogo ndani pia, watu wanaringa “yangu iko na tano kila upande”, lakini moja yenye imetengenezwa vizuri inashinda tano za ovyo. (Zile spika ndogo sana zenye wanaita armature zilitumika kwa vifaa vya kusaidia watu wenye hawasikii vizuri, kabla ziingie kwa ekuteri za muziki. Ningependa musizikutane tena kwa kile kifaa cha kwanza.) Jina kubwa kwa bei ndogo sana ni kopi, munajua nyie wenyewe.

Zile zenye zinazima kelele kwa nguvu ya umeme?

Ziko muzuri kwa mngurumo wa chini: jenereta, mashine ya bato kwa ziwa, basi. Kelele ikipunguka haupandishi, kwa hiyo nazikubali. Kwa barabara hapana, na motari mwenye anaendesha na ekuteri masikio yote mbili, sitaki hata kumujibu.

Volimi gani ni salama?

OMS, shirika ya afya ya dunia, inasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 (desibeli njo kipimo cha nguvu ya sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda 90, inabaki saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, dakika 20, kwa wiki nzima. Ekuteri mingi zikifunguliwa mpaka mwisho zinafika pale, kwa hiyo ile nyimbo zako nne za asubuhi zimemaliza wiki yako. Kwa watoto ni chini zaidi, 75. Hauna kipimo? Usipitishe 60 kwa mia ya volimi, na mtu mwenye amesimama karibu yako umbali wa mkono asilazimike kupiga kelele ju umusikie. Ile message ya telefone yenye inasema sauti iko juu, munabonyeza OK bila kusoma, njo iyo iko inawaambia.

Ndani ya sikio kuna kitu sawa konokono, na mule vinywele vidogo sana vyenye vinapokea sauti. Vikikufa, kwa mtu havioti tena. Hakuna sindano, hakuna mizizi, hata muganga wa wapi. Na vyenye vinakufa mbele ni vya sauti za juu, njo maana unaanza kusema “watu siku hizi wanaongea chini ya meno” na wao wanaongea ginsi waliongea jana.

Nikitoa ekuteri sikio inalia ngiiii. Itapita yenyewe?

Mara mingi ya kwanza inapita, na njo yenye inawadanganya. Inapita leo, inapita kesho kutwa, siku moja haipiti. Ule mlio unamaanisha ulipitisha kipimo. Pumzisha sikio, hakuna ekuteri, hakuna kusimama mbele ya bafle kanisani. Kama kesho yake saa ileile bado inalia, kuya kwa kituo. Usingoje wiki. Na kama uko unakunywa kinini na masikio inalia, sema kwa mwenye alikuandikia dawa, lakini usijifiche nyuma ya kinini kama kila jioni uko na volimi mpaka mwisho.

Sikio moja imeziba ghafula, nafikiri ni taka tu. Ningoje?

Hapana. Kuya leo.

Lakini haiumi.

Kuya leo. Sikio yenye mshipa wake umepigwa haiumi, njo ubaya wake. Munangojea maumivu sawa vile maumivu njo yenye inatoa ruhusa ya kwenda hospitali.

Lakini hata mwaka jana iliziba na ilikuwa taka.

Labda hata sasa ni taka. Basi tutaangalia na otoskopu, tutaitoa, utarudi nyumbani, umepoteza saa moja. Lakini kama haiko taka, kama ni kusikia kwenyewe kumekatika kwa siku moja ao mbili, kuna dawa, kortikoidi, na zinasaidia zaidi zikianzwa siku za kwanza. Kisha wiki mbili nafasi imepunguka sana. Kisha mwezi, mimi niko paka na maneno ya kukupa. Ile “nilifikiri ni taka” nimeisikia kwa watu wenye leo wanageuza kichwa upande moja ju wasikie watoto wao. Kutoka nje, kwa macho yako mwenyewe, hauwezi kujua. Mama mukubwa hawezi kujua. Mwenye farmasi mwenye hajaangalia ndani hawezi kujua.

Kuna kitu moja unaweza kufanya ukiwa njiani: funga mdomo uimbe “mmmm”. Sauti ikienda kwa sikio yenye imeziba, inaweza kuwa ni taka ao maji. Ikienda kwa sikio nzima, ongeza mwendo. Lakini nimesema ukiwa njiani. Haiko ya kujipima halafu ubaki kwa kiti.

Na mafuta ya moto? Kwetu wanatia mafuta na kitunguu saumu.

Hapana. Kama ngoma ya sikio iko na tundu, yale mafuta yanaingia kwenye hayapaswi. Kama haina tundu, umechoma ngozi na umepoteza siku tatu kungojea ifanye kazi. Na ile siku tatu njo ninayowadai.

Kotontiji je, kile kijiti chenye pamba kwa ncha?

Inasukuma taka ndani. Ekuteri ya ndani nayo inasukuma, kwa hiyo mwenye anavaa kila siku anajaza mbio, hiyo ni kweli, lakini dawa yake haiko kusukuma tena na kijiti. Taka inatoka yenyewe pole pole, wewe osha ya nje na kitambaa. Kijiti ya kiberiti, pini ya nywele, kifuniko ya biki, ufunguo wa pikipiki (ndiyo, ufunguo): nimetoa damu ya vyote.

Raba imebaki ndani ya sikio!

Inafikaga, zaidi na raba za kopi zenye hazishiki. Usiguse. Usimwite mdogo wako mwenye kucha ndefu. Usitie maji. Kila mwenye amejaribu kuitoa ameisukuma mbali, na yenye ilikuwa kazi ya dakika mbili inakuwa safari ya kumutafuta daktari wa ORL, ule wa masikio, pua na koo. Lala kama ni usiku, asubuhi kuya. Ikiwa ni mtoto, ao kuna damu ao maumivu makali, usingoje asubuhi.

Niko na usaha kwa sikio, naweza kuvaa upande moja?

Yenye inatoka usaha, hapana, mpaka ipone na tuione imepona. Hata ile yenye inauma ukivuta sikio ao ukifinya kale kanyama ka mbele, hapana. Watu wanaogelea Kivu, wanatoka, sikio bado iko maji, wanafunga na raba. Umefungia unyevu mule, unafikiri nini itaota? Kausha kwanza. Na usiazime ekuteri yako, hata kwa mupenzi. Vumbi nyeusi ya hapa kwetu, ile ya volkano, inaziba kile kichujio kidogo cha chuma, sauti inapunguka upande moja na munafikiri ni sikio. Ao munafikiri ni ekuteri kumbe ni sikio. Geuza: ya kushoto uvalishe kuume. Kama udhaifu umehama na ekuteri, safisha na burashi kavu. Kama umebaki kwa sikio ileile, unajua sasa kwenye unaenda, na siku gani.

Nikikuya kwa kituo nilete nini?

Ekuteri yenyewe na raba zake zote, hata zile za kasha. Majina ya dawa zenye unakunywa. Na uandike siku na saa yenye sikio ilianza, ju hiyo njo swali langu la kwanza, na “siku nyingi nyingi” haiko jibu. Usioshe sikio mbele ya kukuya.