Wauguzi wa makabila mbalimbali, wodi moja

Wodi za hospitali kubwa hapa Mwanza, iwe Bugando au Sekou Toure, zina wauguzi wa kila upande: Msukuma wa Kwimba, Mkerewe, Mhaya, Mkurya, na kijana aliyepangiwa kazi huku akitokea Mtwara. Wote wamesajiliwa na Baraza moja la Uuguzi na Ukunga Tanzania, wanafuata maadili yaleyale. Ukiwauliza kuhusu heshima kwa mgonjwa, hakuna atakayeipinga. Tofauti huonekana kwenye vitendo.

Chukua mzee aliyeletwa kutoka Magu, anayejua Kisukuma tu. Muuguzi mmoja anamwamkia kwa kupiga goti, anamuuliza habari za nyumbani na mifugo, ndipo amshike mkono kutafuta mshipa wa kuwekea dripu. Mwenzake anaona heshima ni kumhudumia haraka apate nafuu. Wote wawili wanamjali, ila huyu anamwona yule mkavu, na yule anamwona huyu mvivu. Hapo ndipo husikika "ndivyo walivyo watu wa huko". Kauli hiyo ikemewe palepale.

Lugha nayo ina mahali pake. Kisukuma kando ya kitanda kinamsaidia mzee yule kueleza anapoumwa. Kisukuma hichohicho wakati wa kukabidhiana zamu, mbele ya muuguzi asiyekijua, ni hatari: dawa iliyokwisha kutolewa inaweza kurudiwa, na mwenzenu anajiona mgeni kazini kwake. Mgonjwa azungumziwe kwa lugha anayoielewa. Ripoti ya zamu iwe kwa Kiswahili, na kila dozi iandikwe kwenye chati papo hapo.

Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyeasisi uuguzi unaozingatia utamaduni, alifundisha kwamba desturi za mgonjwa zinaweza kudumishwa, kujadiliwa naye, au kurekebishwa kwa ridhaa yake pale zinapomdhuru. Kwa maoni yangu, wauguzi wenyewe wajadili desturi zao kwa njia hiyohiyo.

Msiba ndio unaohitaji mazungumzo marefu zaidi. Mgonjwa akifariki, wapo wauguzi waliolelewa kuwaacha ndugu walie kwa sauti. Wapo wanaowanyamazisha kwa kuwaonea huruma wagonjwa wengine. Wasibishanie hayo mwili ukiwa bado kitandani. Kiongozi wa wodi awakalishe mapema, aanze kuwasikiliza wageni wa kazi, maana wenyeji wakitangulia, wapya hunyamaza. Wakubaliane ndugu watapelekwa chumba gani na nani atakaa nao. Yaandikwe, yabandikwe chumba cha wauguzi, na kila muuguzi mpya aelezwe siku anayoripoti.