Mbwa Wako Hahitaji Sebule

Juzi tena. Bosi mmoja wa Iyumbu, hapa Dodoma, kahamia huku na wizara yake, kanipigia: "Fundi, nataka banda la mbwa, la joto, Julai hiyo inakuja. Ila liwe kubwa, mbwa apumue." Kubwa kiasi gani? "Mita moja na nusu kila upande, na juu hivyohivyo." Nikashusha pumzi. Huyo ni wa nne tangu Pasaka.

Kuhusu baridi yenyewe sitabishana sana. Wa Dar wanasema Dodoma ni nusu jangwa, baridi itoke wapi. Wa Makete wananicheka, kwao umande unaganda kwenye majani. Sawa, lakini hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, alfajiri ya Julai inafika nyuzi 13 hivi, na upepo wetu mnaujua. Mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili hajali. Koko wa manyoya mafupi, au mbwa mzee, au mtoto aliyetengwa na mama yake jana, anatetemeka mpaka asubuhi.

Sasa ukubwa. Banda la mbwa halina jiko. Jiko ni mbwa mwenyewe, mwili wake una nyuzi 38 hadi 39, na jiko hilo haliongezwi moto kwa sababu wewe umeongeza chumba. Koko wa kawaida namtengenezea ndani sentimita 90 kwa 65, kimo 70. Anasimama, anageuka, anajikunja. Basi. La bosi wangu lina hewa zaidi ya mara nane ya hilo, lakini hata hewa si kesi kubwa. Kesi ni ukuta. Joto linatoroka kupitia kuta, paa na sakafu, na ukijumlisha eneo lote hilo, banda lake lina mara nne ya langu. Mbwa yuleyule, jiko lilelile, matundu ya kuvujia mara nne! Halafu Julai mtu anarudi kwangu kulalamika maranda niliyojaza ukutani kuzuia baridi hayafanyi kazi.

"Apumue" ndiyo neno linalonichosha. Kupumua ni kazi ya tundu dogo chini ya paa, upande usiopigwa na upepo. Ukiliziba, pumzi ya mbwa inageuka maji juu ya bati, bati linatoka jasho, matone yanamrudia mgongoni. Mbwa mkavu kwenye banda lenye tundu ana heri kuliko mbwa mbichi kwenye banda lililozibwa kote.

Kuta nafanya mbili: plaiwudi nje, plaiwudi ndani, fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili katikati, nafasi inajazwa maranda makavu. Sakafu vilevile, na banda linyanyuke kwa matofali, lisiguse udongo. Paa la bati lipigiwe dari chini yake; bati peke yake usiku ni barafu, mchana kikaango. Watu wengine wanajaza fomu, lile povu gumu jeupe, ya boksi za samaki. Ni nzuri kuliko maranda, sikatai, ila mbwa akipata upenyo wa kuingiza jino moja, kesho uwanja mzima mweupe.

Maranda nayo nina ugomvi nayo. Yanashuka. Banda langu la kwanza nililifungua baada ya mwaka nikakuta juu ukutani wazi kabisa, na juu ndiko joto linakokimbilia. Siku hizi nashindilia na kukata ukuta katikati kwa ubao wa kulala. Yanashuka bado, kidogo. Na mchwa wa Dodoma hawahitaji kualikwa, kwa hiyo kila mwezi chungulia uvunguni, ukiona njia ya udongo kwenye tofali ivunje.

Blanketi toa. Linanyonya unyevu na linakaa nao. Weka nyasi kavu nyingi, mbwa ajichimbie, badilisha kila wiki mbili kabla viroboto hawajapanga. Paa liwe na bawaba. Usipoweza kulifungua hutalisafisha, tusidanganyane.

Mlango ndio bado unaninyima usingizi. Upepo wa kiangazi unatoka mashariki, kwa hiyo mlango utazame magharibi. Vizuri, mpaka Oktoba, jua la saa kumi linapoingia moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma, na zile kuta nene ulizonilipa zinalishika ndani. Nimejaribu pazia la vipande vya tyubu ya gari: mbwa wengine wanapita, wengine wanalala nje wakilitazama. Kwa sasa natengeneza mabanda ambayo watu wawili wanaweza kuyanyanyua, Septemba mnaligeuza na kulisogeza chini ya mwarobaini. Ni jibu la kifundi, si la kitaalamu.

Bosi wa Iyumbu nilimwambia aniletee kipimo cha mbwa, picha ya banda aliyoiona kwenye simu aache: pua hadi shina la mkia, na sakafu hadi begani, mbwa akiwa amesimama. Jana kaleta. Kapima na mkia.