Faragha ya mahali katika mtandao wa vihisi ni nini?

Mtandao wa vihisi visivyotumia waya ni kundi la vifaa vidogo vinavyopima jambo fulani, iwe unyevu wa udongo kwenye mashamba ya kahawa ya Moshi au mnyama anayepita porini, kisha vikatoa taarifa kwa redio. Redio zake hazifiki mbali, kwa hiyo vifaa hupokezana ujumbe jirani kwa jirani mpaka ufike kituo kikuu. Vyote vinaishi kwa betri.

Faragha ya mahali ni kumzuia anayenasa mawimbi ya redio hizo asijue ujumbe umeanzia wapi.

Sisi wa Arusha tuchukue faru weusi wa kreta ya Ngorongoro. Tuseme vihisi vimetandazwa huko, na kinachomgundua faru kinatuma ujumbe kila baada ya dakika chache. Ujumbe umefungwa kwa msimbo, jangili hawezi kuusoma. Wengi huridhika hapo, na hapo ndipo hatari ilipo, maana jangili hana haja ya kuusoma. Anakaa karibu na kituo kikuu akiwa na antena inayoonyesha mwelekeo, anajua kifaa kipi kimerusha mwisho, anakwenda kwenye kifaa hicho na kusubiri ujumbe unaofuata. Anarudi nyuma hivyo, kifaa kwa kifaa, mpaka amfikie faru. Mtandao uliowekwa kumlinda mnyama ndio umemwonyesha njia!

Mwaka 2004 Celal Ozturk, Yanyong Zhang na Wade Trappe wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walilieleza tatizo hili kwa mfano wa mnyama aitwaye panda na mwindaji wake. Dawa waliyopendekeza ni kuupeleka ujumbe kwanza hatua kadhaa kuelekea upande wowote, halafu ndipo uanze safari ya kituoni. Mwindaji anayefuatilia huvutwa kwenye chanzo hewa. Njia nyingine ni kutuma ujumbe bandia, hata vifaa vyote virushe kwa vipindi sawa, kuwe na faru au kusiwe. Hiyo inaficha vizuri sana, lakini inamaliza betri upesi.

Betri ndiyo inayonifanya nisikubali kila ulinzi unaosifiwa. Redio ndiyo mlaji mkubwa wa umeme katika vifaa hivi, na kusikiliza tu hugharimu karibu sawa na kutuma, ndiyo sababu redio huzimwa sehemu kubwa ya muda. Tena mzigo haulingani: vifaa vilivyo jirani na kituo kikuu hubeba ujumbe wa wote, hivyo hufa mapema, na vikifa, vya mbali hukatika hata kama betri zao bado zimejaa. Kwa hiyo zile hatua za kuuzungusha ujumbe na ujumbe bandia vipelekwe pembezoni, kwenye umeme wa ziada, na ule bandia utupwe kabla haujakaribia kituo.

Kipimo cha ulinzi huu huitwa kipindi cha usalama: idadi ya ujumbe ambao chanzo kinaweza kutuma kabla mwindaji hajakifikia. Faru hakai mahali pamoja. Akihama kabla kipindi hicho hakijaisha, jangili anakuta patupu. Mtandao basi hauhitaji kuficha milele. Unahitaji kuficha kwa muda unaozidi ule ambao mnyama hutulia, na umeme uliobaki utumike kuwapa askari wa wanyamapori taarifa kwa miezi mingi zaidi.